Apumzike

Theopista alipoanguka kwenye ngazi za jikoni na goti kuvimba, jambo la kwanza aliloulizia halikuwa dawa.

"Tabibu ameandika nini?"

"Ameandika upumzike, bibi," akajibu Winfrida, mhudumu, akimfunika blanketi hadi kidevuni.

Katika nyumba ile ya wazee, mlimani juu ya Himo, Theopista alikuwa amelisikia neno hilo mara mbili tangu Pasaka. Primus, aliyemkatia ng'ombe majani kila asubuhi, alikohoa; tabibu akaandika apumzike. Wiki ya tatu wakamzika. Veronika, hodari wa kumenya ndizi, aliteguka kifundo cha mguu. Naye akaandikiwa apumzike. Pentekoste haikumkuta. Kiswahili kina neno moja kwa mchovu na kwa maiti, wote hupumzika. Theopista alitaka kujua yeye ameandikiwa lipi.

Tena wale wawili walilishwa na mkono mmoja.

Wema wa Winfrida ulizidi kipimo. Alimlisha uji kwa kijiko kana kwamba mikono ndiyo iliyoanguka. Alimletea beseni la haja palepale kitandani. Alichukua viatu, kesho yake akachukua na mkongojo. "Usihangaike, bibi." Binti wa miaka ishirini na minne ana haja gani ya kumbembeleza hivyo mama wa watu? Wanawe Theopista mwenyewe, walioko Dar es Salaam, walimwona Krismasi hadi Krismasi.

Siku ya nne Theopista, mzaliwa wa Kilema, aliuficha uji nyuma ya kitanda, akamwita Efraimu, mzee wa Masama aliyekaa chumba cha pili.

"Meku, mzee mwenzangu, nusa hiki."

Efraimu akanusa. "Uji."

"Una nini ndani?"

"Hauna sukari. Nani akuwekee sumu wewe? Huna hata jino la kurithiwa."

"Primus alikuwa nalo? Cheka tu. Mtu aliyemwuzia kahawa mnunuzi binafsi wa kwanza kupanda mlima na mizani mbovu, leo ananifundisha kumjua binadamu."

"Mizani ilikuwa mpya, mama. Mbovu alikuwa mwenyewe." Akaunywa uji wote, akafuta masharubu. "Tungoje sasa. Nikifa, mwambie mchungaji asianzishe wimbo yeye. Huanzia juu mno."

Asubuhi Theopista alitega sikio ukutani mpaka aliposikia kikohozi. Efraimu akaingia, akaketi.

"Nipo. Na nina njaa."

"Basi si uji."

"Si uji. Primus alikula nini peke yake?"

"Tulikula chungu kimoja."

"Haya, alifanya nini?"

Theopista akafungua kinywa ataje, akakosa. "Hakufanya kitu," akasema polepole. "Hata kugeuka, aligeuzwa. Akatoka vidonda mgongoni. Mwisho kifua kikajaa."

"Na Veronika?"

"Vilevile."

Akasukuma blanketi. Goti lililoumia lilikuwa limenywea, karibu kupona. Lakini alipojaribu kuinua mguu wa pili, ule mzima, ulitetemeka ukarudi chini. Paja limelegea, si lake. Siku tano tu. Sumu angeweza kuitema. Kitanda angekitemaje?

Winfrida alipoingia na beseni, Efraimu aliondoka kwa heshima, akasimama mlangoni kwa umbea.

"Mkongojo wangu uko wapi?"

"Nimeuweka stoo, bibi. Tabibu alisema..."

"Goti ndilo la kupumzika. Wewe umenipumzisha mzima."

Winfrida akaweka beseni sakafuni. "Bibi yangu mzaa mama alikufa na mzigo wa majani kichwani, mteremkoni. Watu wakatuuliza, mlikuwa wapi? Nilipokuja hapa nikaapa, mzee wangu hatabeba hata kikombe."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Tisini na mmoja."

"Na Primus?"

"Sabini na..."

Theopista alimtazama machoni. Huenda binti alisema kweli. Huenda pia mzee aliyelala ni rahisi kumtunza kuliko mzee anayezurura: hapotei, haanguki, hagombani na mpishi. Macho ya Winfrida yalikuwa yameiva, lakini macho mekundu si ushahidi.

"Lete mkongojo."

Ukaja, na viatu vikaja. Theopista alisimama, ukuta ukamzunguka. Winfrida akanyoosha mkono.

"Usinishike. Kaa nyuma. Nikianguka ndipo unidake."

Hatua mbili. Ya tatu ilimtoa jasho. Efraimu akampisha, akasema, "Mtu wa Kilema anatembea kama bibi harusi," lakini pumzi yote ya Theopista ilikuwa ikienda miguuni. Kwenye korido alisimama mara nne. Kila aliposimama alisikia viatu vya Winfrida vikisimama nyuma yake.

Jikoni mkungu wa ndizi ulilala mezani ukingoja kuwa mtori. Theopista akajishusha kwenye kiti.

"Kisu."

Winfrida akakitoa kisu, asikiachie. "Utajikata, bibi."

"Nitajikata."

Kisu kikawekwa mezani, taratibu. Winfrida akabaki amesimama nyuma ya kiti. Theopista akakiburuta kile kiti, akakigeuza mpaka akawa anamwona usoni, ndipo akachuma ndizi ya kwanza, akaanza kumenya.