Ujumbe kwa Fisi

Nilipewa kazi ya kuamua kama treni ile ilitisha kupita kiasi kwa watoto wetu, nami nikaamua. Walioniita mbele yao baadaye walisema niliamua vibaya. Wao hawakupanda. Mimi nilipanda mara mbili.

Ilikuwa mwaka wa 1949, wiki ya maonyesho ya wakulima pale Eldoret. Kila mwaka Wazungu walileta ng'ombe na matrekta yao kwenye uwanja ulio nje ya mji. Mwaka huo wakamleta pia mtu wa michezo kutoka Nairobi, na mtu huyo akajenga banda refu la mabati lisilo na dirisha hata moja. Ndani yake kulikuwa na reli nyembamba na vigari vya mbao. Unaketi, kigari kinakuingiza gizani, unakutana na mizimu, kisha unatokea upande wa pili umekauka koo kwa kupiga kelele. Watu waliiita treni ya mizimu. Mwenye treni tulimwita Bwana Kengele, kwa sababu alikuwa na kengele ya shaba na hakujua kuiacha.

Siku nyingine zote zilikuwa za Wazungu. Jumamosi alasiri ilikuwa yetu. Lakini Jumatano mtoto mmoja wa Kizungu alizimia humo ndani, na mabibi wa kamati wakasema kwamba kama mtoto wao amezimia, wetu watakufa kabisa. Ikatolewa amri: kila shule ya Waafrika imtangulize mwalimu wake apande, ashuke, aseme kama inafaa.

"Mwalimu Jeruto, utapanda wewe," Mwalimu Murunga, mkuu wa shule yetu, aliniambia tulipofika uwanjani. Tulikuwa tumetoka kijijini kwetu Ziwa asubuhi juu ya lori la mahindi, watoto thelathini na mmoja wakiimba njia nzima.

"Kwa nini si wewe, Mwalimu Mkuu?"

"Mimi nina ugonjwa wa moyo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoliona lile banda."

Watoto walicheka mpaka akawafokea. Nikapanda peke yangu.

Mambo ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Shuka nyeupe ilishuka juu ya kichwa changu ikiwa bado ina alama ya dobi. Mifupa ya mbao, iliyopakwa chokaa, ilicheza kwa kuvutwa kamba. Nikawaza, kumbe Wazungu wanaogopa shuka za kitanda! Kisha kigari kikapinda kushoto, kikapunguza mwendo, na taa nyekundu ndogo ikawaka chini kabisa, karibu na magoti yangu.

Alikuwa fisi. Si wa mbao. Fisi mwenyewe, ngozi yake, manyoya yake ya shingoni, ameshonwa na kujazwa, macho ya kioo. Mdomo ulifunguka polepole, na kicheko kikatoka.

Nilikua kwenye boma ambako babu yangu aliondoka duniani kwa njia ile ya zamani. Najua kicheko kile kinamaanisha nini kikisikika karibu na nyumba yenye mgonjwa. Nilisahau cheti changu cha ualimu, nikasahau na ubatizo. Nilijikunja kama mtoto.

"Dada, usilie, ni mimi!" sauti ikasema nyuma ya pazia. Wasike, kijana wa Turbo aliyeajiriwa kuvuta kamba, akatoa kichwa. Mkononi alikuwa na pembe ya bati ya kutolea kicheko.

"Nani amelia? Na huyu fisi ametoka wapi?"

"Kwenye veranda ya Mzungu mmoja, alikuwa anawekewa kofia kichwani. Bwana Kengele aliniuliza, watu wa hapa wanaogopa nini? Nikamwambia ukweli. Yeye alicheka sana. Kwao fisi ni mnyama wa kuchekesha."

"Na kwenu?"

"Kwetu ni mchawi anasafiri. Lakini huyu nimemzoea. Usiku namfunika gunia tu, basi."

Nilitoka nje, jua likanipiga machoni. Watoto walikuwa wamejipanga, wanangoja neno langu. Nikawaambia shuka haina kitu, mifupa ni mbao, mwishoni kuna fisi aliyekufa zamani. Anayetaka apande, asiyetaka asichekwe. Wakapiga makofi.

Chepkorir hakupiga makofi. Alikuwa na miaka kumi, mwembamba kama ufito, na tangu Machi alikuwa hajanena darasani isipokuwa akiulizwa. Akaja mpaka ubavuni pangu.

"Mwalimu, ni kweli fisi yumo?"

"Yumo."

"Ana masikio?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama, nikaona hatanii.

Msomaji ambaye hakuzaliwa kwetu anisikilize hapa. Zamani, mtu wetu akifa hakufukiwa. Jioni alibebwa upande wa magharibi wa boma, akalazwa juu ya nyasi, mwanamume kwa ubavu wa kulia, mwanamke kwa ubavu wa kushoto, akaachiwa fisi. Fisi ndiye aliyewajua walio upande wa pili na kuzungumza nao. Asipokuja, ni msiba juu ya msiba: mtu amebaki njiani, hayuko hapa, hayuko kule, na watu wake watatafuta hata mbuzi wa kumvutia fisi. Kanisa lilipokuja tukaanza kuchimba makaburi. Mimi mwenyewe nafundisha watoto kwamba kaburi ni jambo jema.

Chepkorir alilelewa na nyanya yake, kogo, kama tusemavyo, kwa sababu mama yake alifariki akimzaa. Kogo huyo hakubatizwa. Mwezi wa Machi alipougua, alimwambia mwanawe Wilson mara tatu, mtoto akisikia: usinitie shimoni. Wilson alikuwa mzee wa kanisa. Alimtia shimoni, mwisho wa shamba la mahindi, akapanga mawe juu. Tangu siku hiyo Chepkorir aliacha kuota moto. Alikaa mbali na jiko, akitetemeka, na ukimuuliza alisema hawezi kupata joto wakati kogo yuko baridi anangoja. Hakulala. Niliwahi kumkuta nyuma ya darasa saa nne asubuhi amesimama wima, macho wazi, haoni. Kila wiki nguo zilimzidi mwili. Nilikuwa nimeanza kuhofia kwamba tutamzika kabla ya mavuno.

Mzee Wilson alikuwepo siku hiyo, ameleta ndama wake kwenye mashindano. Alipoona mpwa wake kwenye mstari, alikuja haraka, kofia mkononi.

"Mwalimu, nasikia humo ndani kuna fisi."

"Wa kujazwa, Mzee."

"Huyu asiingie. Wengine sawa. Huyu hapana. Unajua hali yake, atarukwa na akili moja kwa moja." Sauti yake haikuwa ya ukali. Alikuwa mtu aliyechoka. "Nakuomba. Kazi yako leo ni kusema inayotisha inatisha."

"Nimekusikia, Mzee."

Akarudi kwa ndama wake akiamini tumeelewana.

Chepkorir alikuwa amesikia yote. Hakulia. Alisema tu, "Mwalimu, mimi siogopi kitu cha humo ndani. Ninachoogopa kiko nyumbani."

Nilisimama pale. Bwana Kengele alipiga kengele yake, watoto wakaingia wawili wawili, wakatoka wakicheka na kusukumana. Jepkemboi, mkubwa wa darasa, alitoka amepoteza sauti, akadai eti ni vumbi. Nilimtazama Chepkorir na miguu yake kama vijiti, nikajiuliza swali nililoajiriwa kujiuliza: hii inatisha kupita kiasi? Kuliko nini? Nikamshika mkono.

"Tutapanda pamoja. Kigari cha mwisho."

Ndani, alipita chini ya shuka bila kuiona. Hakugeukia mifupa. Kigari kilipopinda kushoto na taa nyekundu ikawaka, mkono wake ulitoka katika wangu. Kabla sijamshika alikuwa ameruka chini, na Wasike, kwa kuogopa gurudumu litamkanyaga, akavuta breki. Tukasimama gizani.

Chepkorir alipiga magoti mbele ya fisi. Aliongea kwa lugha yetu, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Ukivuka mto, usifuate barabara. Pita mti uliochomwa na radi, ufuate ua wa mjomba mpaka mahindi yaishe. Utaona mawe. Ni mengi lakini si mazito, mimi mwenyewe niliyabeba. Wamemlaza chali. Mgeuze kwanza alale kushoto. Na usicheke. Yeye hapendi kuchekwa."

Wasike hakuijua lugha yetu vizuri, lakini hakupuliza pembe. Nilisikia kengele mbali, nje, kama iko wilaya nyingine. Banda lilikuwa likinuka dawa ya ngozi na mafuta ya reli. Sasa ikaja harufu nyingine, ya udongo uliolowa, na hapakuwa na mvua tangu Jumatatu. Mdomo wa fisi, uliokuwa wazi, ukafungwa. Haukufungwa kwa kishindo. Ulifungwa kama wa mtu aliyemaliza kusikiliza.

"Asante," Chepkorir akasema, akarudi kuketi. Mkono wake ulikuwa na joto.

Nje, Wasike alinivuta pembeni.

"Dada, ulivuta kamba wewe?"

"Ningeivuta vipi? Kamba iko kwako."

"Kamba nilikuwa nimeiacha, na mdomo haufungi bila kuvutwa. Nilikuwa nimeshika breki kwa mikono yote miwili." Akatazama banda. "Mimi narudi Turbo. Mshahara wabaki nao." Na kweli jioni hiyo Bwana Kengele alikuwa akimtafuta.

Kwenye lori Chepkorir alilala. Alilala kichwa kikigonga ubao kwa kila shimo, mdomo wazi, mpaka Ziwa. Jumapili alikula ugali na maziwa akaomba tena. Jumatatu aliinua mkono darasani, wa kwanza kuinua, akakosea hesabu, akacheka. Sikumwambia mtu yeyote maneno niliyoyasikia. Nilijiambia mtoto ametua mzigo, basi. Nilitaka sana kuishia hapo.

Jumatano asubuhi Mzee Wilson alikuja shuleni mbio, bila kofia. Alinionyesha njia tu. Nilimfuata mpaka mwisho wa mahindi. Mawe yalikuwa yametawanywa. Shimo lilikuwa wazi na tupu, na nyayo zilikuwa nyingi, zimekanyagana. Hilo lilielezeka: kaburi lilikuwa la kina kifupi, udongo laini, fisi wa Uasin Gishu hawajaisha. Nililielezea hivyo, kwa sauti, ili masikio yangu yasikie. Kisha nikaona blanketi alilozikiwa nalo. Lilikuwa hatua hamsini upande wa magharibi, juu ya nyasi. Halikuraruka hata uzi mmoja. Lilikuwa limetandazwa, na katikati yake nyasi zilikuwa zimelala chini, umbo la mtu aliyejilaza kwa ubavu.

Chepkorir, alipoulizwa, hakuficha. Alisema alimwelekeza fisi njia na Mwalimu alikuwepo.

Jumapili wazee wa kanisa waliniita baada ya ibada. Walikaa kwenye benchi la mbele, mimi nimesimama. Mwalimu Murunga alikuwa ameniambia mlangoni, "Binti yangu, sema neno moja tu, samahani, uende zako. Neno moja halimalizi wino." Wazee wawili walizungumza juu ya ushirikina, na mmoja akataka kujua kama nilikuwa nalipwa na Bwana Kengele. Hao niliweza kuwajibu. Mzee Wilson ndiye aliyekuwa mgumu. Aliinuka mwisho, akashika mgongo wa benchi.

"Nilikuomba kwa heshima," alisema. "Ni mama yangu. Nilimzika ili siku ya mwisho nijue pa kumtafuta. Sasa nitasimama wapi? Nitamwita kutoka shimo gani?"

Alilia waziwazi, mtu mzima, na sijaona tena kilio kama kile. Hata leo, mchana wa jua kali, nikipita karibu na banda la mabati nahisi ile harufu ya udongo, nami huharakisha. Sidai kujua kilichofunga ule mdomo. Nilijua tu kwamba nje, kwenye ngazi za kanisa, kulikuwa na mtoto aliyekuwa akiruka kamba na wenzake, anahesabu kwa sauti, na kwamba tangu Machi hadi siku ya treni hakukuwa na mtu kwenye benchi lile aliyemuuliza kwa nini anatetemeka.

"Omba msamaha, Mwalimu," akasema mwenyekiti. "Kwa Mzee Wilson na kwa kanisa. Tufunge jambo hili."

Nilimgeukia Mzee Wilson, si wao.

"Pole, Mzee," nikamwambia. "Pole sana, kwa moyo wangu wote. Lakini niliulizwa kama mtoto yule aingie, nikasema aingie, na nikiulizwa tena kesho nitasema aingie. Msamaha siombi."

"Mwalimu Jeruto!"

"Siombi."