Uzito wa “Idiot” Ntobeye

Nilikwenda Ntobeye kumposa Priscila nikiwa na mshenga, shati jipya na shairi la beti kumi na mbili. Baba yake, Mzee Thobias, alisikiliza beti mbili, akauliza kama mashairi hupandwa masika au vuli. Wazee wakacheka. Mimi niliyejifundisha mwenyewe vina na mizani kule Nyabusozi siwezi kuchekwa nikanyamaza. Nikasema kwa sauti ndogo, tena kwa Kiingereza ili heshima ibaki: “Idiot.”

Joan, mdogo wake Priscila, yuko kidato cha tatu. Kiingereza kimemtesa miaka yote hiyo bila faida. Siku hiyo akapata pa kukitumia. Alimnong'oneza baba yake kwamba ametukanwa.

Sasa, kwa wazee wale tusi hupimwa kabla ya kutozwa. Jepesi ni mtungi mmoja wa pombe ya ndizi. Zito, mposaji hurudi kwao na posa yake. Matusi ya Kihangaza wanayajua kama wanavyojua mbuzi wao. Hili la ng'ambo liliwashinda. Joan akasema maana yake ni mpumbavu. Mzee Nyandwi, mkuu wa kikao, akaona hilo ni la mtungi mmoja, tena mdogo. Mshenga wangu Felisiani akanikanyaga mguu: nikubali, tunywe, nioe.

Lakini msomi ataachaje neno liende bila asili yake? Nikasimama. Nikaeleza kwamba limetoka kwa Wayunani wa kale, na kwao halikuwa tusi hata kidogo. Lilikuwa jina la mtu wa kawaida asiye na cheo, anayeshughulika na yake tu, ya wote hayamhusu. Nikakaa nikisubiri pongezi.

Mzee Thobias aliutoa mrija wa pombe mdomoni.

“Mpumbavu ningekubali,” alisema. “Hata mama yao huniita hivyo. Lakini nimebeba wagonjwa wa kilima hiki kwenye machela miaka thelathini, kijana. Mimi ndiye ya wote hayanihusu?”

Nyandwi akaniuliza kwa upole, mimi nimebeba wangapi. Nikajibu kwamba mimi huandika.

Wakahukumu kwamba sitaoa mpaka nimbebe mgonjwa mmoja wa Ntobeye, kutoka mlangoni kwake hadi zahanati. Felisiani alishukuru kwa niaba yangu.

Huu ni mwezi wa nne tangu hukumu hiyo. Barabara imechongwa, bodaboda zinapanda hadi migombani, na afya ya watu wa Ntobeye inasikitisha kwa uzuri wake. Kila Jumapili nasimama nje ya kanisa nikiwaamkia wazee: shikamoo, magoti yanaendeleaje? Wote wazima. Mzee Thobias amenenepa.

Juzi Priscila alinifuata pale. Akaniambia imekuja posa nyingine kutoka Nyarubungo, ya fundi cherehani.

“Baba amempenda,” alisema. “Hasemi sana.”

Nikamwomba asubiri mvua tu. Barabara ile ikikatika, hakuna bodaboda itakayopanda, na mtu mmoja lazima ataugua.

Akaniambia nina roho mbaya. Kisha akainua uso, akayatazama mawingu muda mrefu kuliko mimi.