Alama za Wino Mgongoni mwa Shamimu

Bi Mwamvita alianza kuosha mwili wa bintiye Shamimu upande wa kulia, kama alivyowaosha marehemu wote wa kike wa kata ile. Maji ya vuguvugu yalikuwa ndani ya beseni, karafuu maiti ndani ya kibakuli. Alipomgeuza, alikuta mgongo umejaa alama za vidole vidogo, zote za wino wa kura. Alizisugua kwa sabuni. Hazikutoka.

"Kidole kile ni cha mume wangu," alisema jirani yake, Bi Chausiku, aliyeshika kopo la maji. "Nakijua kwa lile kovu la mundu. Na hicho kando yake ni changu."

"Changu hiki hapa begani," alijibu Bi Mwamvita. "Mimina maji, shoga."

Hakuna aliyeshtuka. Diwani Lupakisyo hakuwaficha wapiga kura neno: alisimama katika mkutano wa kampeni, akatangaza kwamba zahanati itafungwa na fedha zake zitajenga jukwaa la uwanja wa mpira. Walimpigia makofi. Walimchagua kwa sababu hajakosa msiba tangu wamjue. Kwa Waislamu huvaa kofia, kwa Wakristo huimba sauti ya pili, na popote hushika jembe kaburini. Nani angemnyima kura mtu anayezika vizuri namna ile? Shamimu aliposhikwa na uchungu, walimpakia kwenye pikipiki kumkimbiza hospitali ya Kilosa. Alifia njiani, mtoto akiwa bado tumboni.

Waliongeza kipande kimoja cha sanda ili wino usipenye.

Diwani alifika kabla ya mashemeji wa marehemu. "Shikamoo, mama. Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa."

Bi Mwamvita hakuitikia marahaba.

"Mungu hakufunga zahanati," alisema. "Tuliifunga wewe na mimi, na hawa wote unaowaona. Yusrah, mdogo wake marehemu, ni mjamzito wa miezi minane. Ifungue."

"Mama, leo tuzike kwanza. Siasa ina siku yake."

"Hebu mstahi mgeni, Bi Mwamvita!" walimkemea wanawake mkekani. "Wenzake hata hawaonekani misibani!"

Diwani aliinamisha kichwa kwa adabu, akashika mkono wa mbele wa jeneza, akatangulia.

Wanaume walirudi kutoka makaburini wakimsifu.

"Amefukia mpaka mwisho, na kiatu kile cha bei!" alisema Kondo, mume wa Bi Chausiku, akinawa udongo. "Huyu tunamrudisha kura ijayo."

"Tumwache twende wapi?" waliitikia wenzake.

Walikuwa bado wanakula wali wa msiba Yusrah alipomwita mama yake bafuni. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni. Chini ya kitovu chake palikuwa na alama ya kidole. Bi Mwamvita aliigusa, na wino mbichi ukamchafua.

"Ya nani hii, mama?"

"Geuka kwanza," alisema Bi Mwamvita. "Tuone kama ni moja."