Kibao cha Tarumbeta

Watu walimwita Mama Vibao kwa sababu alichora mabango ya maduka, lakini mapenzi yake hasa yalikuwa alama kuukuu za barabarani. Alikuwa nazo tele kwenye karakana yake: treni inayofuka moshi, ng'ombe mwenye nundu, mwenge ambao zamani ulimaanisha shule. Kilichomtoroka miaka yote ni kimoja, pembetatu nyekundu yenye tarumbeta ndani.

Asubuhi moja idara ya barabara ikamruhusu kung'oa vibao vya njia ya zamani ya mlimani, ambayo ofisini walidai imeachwa. Hakumaliza hata chai. Akamkokota mumewe, fundi mageti aliyeitwa Kipara, wakapanda pikapu.

"Taratibu, mke wangu. Kibao hakina miguu."

"Wezi wa vyuma wanayo," akajibu, na kukanyaga mafuta.

Walikikuta kwenye kona kali, mwamba huku, bonde kule, kimemezwa na majani. Mama Vibao aliyang'oa kwa mikono mitupu. Chini ya kutu tarumbeta ikajitokeza, nzima. Akaanza kurukaruka katikati ya barabara, bibi mwenye wajukuu.

Kipara akatoa spana, akapiga magoti chini ya nguzo. Nati ya kwanza ikagoma.

"Hivi kinasema nini?"

"Piga honi, mbele huoni."

"Basi tukitii mara moja kabla hatujakistaafisha."

Mama Vibao akaingiza mkono dirishani, akabonyeza honi kwa raha zake.

Honi nyingine ikajibu, karibu mno. Breki zikalia. Lori la maziwa likachomoza kwenye kona, likayumba, likasimama pua kwa pua na pikapu. Kipara alikuwa ameikumbatia nguzo kama mtoto mgongoni.

Dereva, dada mmoja mwenye kilemba, alishuka. "Bila honi yenu ningewasomba."

"Kwani njia hii haikuachwa?" Mama Vibao akauliza.

"Wameiacha wao. Sisi wa mashambani tunapita kila siku. Upande wangu pia kuna kibao kama hicho, ila rangi imekwisha. Leo nimesahau kupiga honi."

Mama Vibao aliitazama spana, kisha makopo ya rangi nyuma ya pikapu.

"Mume wangu, kaza hiyo nati."

Walisogeza magari mahali pa wazi, wakakwangua kutu, naye akachora tarumbeta mbili, moja kila upande wa kona, nyeusi tii juu ya nyeupe. Hakuwahi kufurahia bango la duka hivyo. Alipiga mluzi kazi nzima, rangi imemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Sasa hata mwenye usingizi ataiona," dereva akasema. Kisha akakumbuka. "Mama, kule mbele kwenye daraja la mbao kuna kingine. Kimechorwa gari linalotumbukia majini, na juu yake kuna ndege. Hakuna anayejua maana yake."

"Ndege wa aina gani?"

Kipara aliinama kufunika kopo. Aliposimama, mkewe alishawasha pikapu.