Pai ya Cheri na Senti za Mbao

Lemuel Stroud, kinyozi wetu, hakumwacha mteja atoke bila kumwambia, "Haya, usipokee senti za mbao!" Watu wa kwetu Ohio husema hivyo wakiagana, maana yake jiangalie usije ukatapeliwa. Ila Lem aliyasema maneno hayo kana kwamba kayabuni yeye.

Kisha mji ukatimiza miaka mia. Wenye maduka wakatengeneza senti za mbao kweli, zitumike wiki ya sherehe tu. Kila mtu akabadilisha chache. Lem akakataa katakata.

"Nimewaonya miaka yote hii, leo nijitie ujinga mwenyewe?"

Mimi, Verna, nilikasirika. Jumamosi kulikuwa na mnada wa pai, na kwetu mwanamume anayenunua pai hula pamoja na aliyeioka. Yangu ya cheri niliioka kwa ajili ya Lem, ambaye tangu zamani alinisifia kila kitu isipokuwa mimi mwenyewe.

Pai yangu ikainuliwa. Alvin Gantz, mtengeneza majeneza, akataja bei. Lem akapandisha, akatoa sarafu zake zinazong'aa.

"Leo mbao tu, Lem!" akasema Bi Ottilie, aliyenadi. "Hizo zako peleka benki, kama utaikuta wazi."

Watu wakaangua kicheko. Lem akazunguka akiomba abadilishiwe.

"Thubutu! Si ulituonya mwenyewe?" wakamjibu. "Jiangalie, bwana, usije ukatapeliwa!"

Masikio yakamwiva. Alvin alikwisha kujifunga leso shingoni, tayari kula. Niliona uchungu, na hasira juu ya Lem. Ningelia pale pale kama nisingeogopa kuchekwa. Nikaingiza mkono mfukoni mwa aproni, nikatoa senti zangu zote, nikamwendea mbele ya watu.

"Shika. Ni za mbao."

Akaziangalia. Akaniangalia.

"Verna, watanicheka mpaka nife."

"Watakucheka. Unapokea, hupokei?"

Akapokea. Pai tuliila yote, na Alvin tulimkatia kipande.

Siku hizi mimi ndiye ninayefagia nywele pale kwake. Wateja bado anawaaga kwa maneno yale yale, nami nakohoa kidogo. Ndipo huwafuata hadi mlangoni, akaongeza kwa sauti ya chini, "Isipokuwa ukipewa na mwanamke aliyekuokea pai."