Briji Mpya ya Gitaa Langu

Kwenye gitaa langu la umeme la bei rahisi, briji, kile chuma kinachoshikilia nyuzi, ilikuwa imelegea kwa miaka mingi. Kila baada ya wimbo nilikuwa nainama kutiuni nyuzi upya, na Oluoch, mpiga besi wetu, anawatania watu wa ukumbi wetu wa Kisumu Ndogo ili wasiondoke. Alipofariki nikaachiwa kazi zote mbili.

Juzi Kabiru, fundi wa Kawangware, akanifungia briji mpya. "Mzee, hii hata uipige teke haitoki kwa tiuni," akanihakikishia.

Kweli haikutoka. Jumamosi nilipiga nyimbo nne mfululizo, na kila wimbo makofi yakapungua. Adhis, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akanisogelea. "Okello, kwani umenuna? Leo hujatusi mtu."

Nikatazama pale Oluoch alipozoea kusimama. Kisha nikainama, nikajifanya nakaza nyuzi.

"Ngojeni kidogo," nikasema kwa maiki. "Huyu Adhis aliniuzia omena yenye mchanga mpaka landilodi akaja kuuliza nani anajenga."

Ukumbi ukaangua kicheko. Adhis akacheka, halafu akapangusa macho kwa leso.

"Hiyo ni ya Oluoch," akasema. "Hebu rudia."