Taya la Kipkemoi

Baba yangu hajawahi kumsamehe mume wangu Kipkemoi kwa kutahiriwa hospitalini. Wenzake walisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Yeye alidungwa sindano ya ganzi kwanza, kwa sababu mama yake, mtu wa kanisa, ndiye aliyeamua. Tangu tuoane baba anamwita "mwanaume wa sindano," mbele ya watu, huku akinywa chai yangu.

Kwa hiyo baba, ambaye hana mtoto wa kiume, alipokubali Kipkemoi awe msemaji wetu siku wageni watakapokuja kumposa mdogo wangu Chepngeno, mume wangu alitembea kama mtu aliyepewa ng'ombe. Halafu ufizi wa gego ukamvimba. Tulienda hospitali ya Litein kwa pikapu ya baba, naye akaingia nasi mpaka ndani, maana mzee huyo haachwi nje ya mlango wa mtu.

Daktari Nyagaka alituonyesha picha ya taya.

"Watu wengi mshipa wa fahamu unapita ndani ya mfupa kwa njia moja," alisema. "Huyu ako na njia mbili upande wa kushoto, na hii ya pili imelalia mizizi ya jino. Ganzi inaweza kuikosa. Ukisikia uchungu hata kidogo, inua mkono nisimame. Mshipa ukikatika, mdomo utabaki umekufa."

Baba akacheka. "Leo tutaona huo mkono ukipanda."

Nilimwona Kipkemoi akiikalia mikono yake. Daktari aliuliza, "Unasikia?" Akatikisa kichwa kukataa. Machozi yalikuwa yakimtoka, shati limelowa jasho.

"Daktari, anasikia," nikasema.

Baba akaniambia ninyamaze. Daktari akauliza tena, na mpumbavu huyu ninayempenda akakataa tena. Jino likatoka.

"Sasa wewe ni mtu," baba alimwambia nje, akamshika bega. Sijawahi kumwona Kipkemoi akifurahi vile.

Jumamosi wageni wakaja. Kipkemoi alisimama, akapiga funda la mursik kutoka kwenye kibuyu, na maziwa yakamtiririka kidevuni mpaka kwenye tai bila yeye kujua. Maneno yalitoka yamepondeka. Mtoto mmoja akacheka, kisha wageni wakacheka.

Baba akamnyang'anya kibuyu. "Mtoeni huyu, anatutia aibu. Akakae na ndama."

Akaenda, kwa kuwa ni mkwe mwenye adabu.

Namchukia baba yangu, na mtu asinihubirie habari za radhi ya wazazi.

Daktari anasema tungoje, pengine mwaka, pengine mdomo hautapona kabisa. Leo asubuhi Kipkemoi alikuwa bado amelala chali, macho ameyafumba. Nikambusu pale palipokufa, chini ya mdomo, upande wa kushoto, nikaiacha midomo yangu hapo.

"Ng'ombe umeshawakamua?" akaniuliza, bila kufumbua macho.